Chupa Tulizoziosha

Maabara, Jumapili mchana

Mwalimu wangu Zuhura,

Shikamoo.

Nimeandika shikamoo nikangoja, kama mjinga. Watu wakiandika barua husema, mimi mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Yangu imepinduka. Wewe huna tena la kuhofia, hofu yote imebaki huku kwangu. Tangu juzi chakula hakipiti. Matroni kaniuliza kama nina malaria, nikamwambia labda.

Ni mimi Oliva, mhudumu wako wa maabara, yule uliyemwita mkono wako wa kushoto kwa sababu naandika kwa kushoto. Nimekaa kwenye kile kiti chako kirefu ambacho sikuwahi kukikalia ukiwa hai. Mvua inapiga bati, wasichana wamerudi kanisani na wengi wamelala. Nimeufunga mlango kwa ndani. Nina mpaka saa kumi, na utajua kwa nini.

Hujui yaliyofuata baada yako, kwa hiyo nikueleze tangu mwanzo. Tulikuzika Mbinga mjini, kwenye makaburi ya Waislamu. Kaka yako alifika kutoka Tanga siku ya tatu, miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi, akakuta udongo umeshaanza kukauka. Alilia kama mtoto. Wasichana tuliwapeleka kwa lori la shule, wakasimama kando ya barabara na sare zao. Msiba wa Kikristo wanaujua, wangeimba. Wa kwako hawakuujua, wakaogopa kuukosea, basi wakasimama tu na vilio vyao vikabaki kifuani. Nami pia. Kaka yako alichukua redio, kanga na godoro, na nyumba yako akapewa mwalimu wa Historia.

Mimi kwetu ni Mpepai, na kwetu mtu akifa, matanga yakianuliwa nyumba yake husafishwa. Vyombo vyake vyote hutolewa nje, vikaoshwa, vikaanikwa juani. Bibi yangu alikuwa akisema usiposafisha, marehemu hapati njia, anabaki akihangaika pale pale penye masufuria yake. Wewe ungecheka. Ungeniuliza, "Oliva mwanangu, umempima kwa kipimo gani huyo anayehangaika?" Lakini siku zile nilikuwa sicheki. Nyumba yako ilikuwa na mtu mwingine, na kilichobaki chako hapa duniani kilikuwa chumba hiki.

Ni mimi niliyesema tuoshe. Naandika hili sasa hivi kabla mkono haujakataa. Ni mimi, Oliva Ndunguru, niliyewaita wasichana wanne wa kidato cha nne Jumamosi moja asubuhi nikawaambia, njooni tuanue matanga ya Mwalimu.

Walifurahi, Mwalimu. Hatimaye walikuwa wamepata cha kukufanyia. Tulitoa kila kitu nje kwenye nyasi. Unakumbuka rafu yetu ilivyokuwa. Zamani, uliniambia, dawa zilikuja kutoka bohari ya serikali ndani ya masanduku, kila chupa na lebo yake ya kiwandani. Siku hizi za soko la ruksa unakwenda Songea na chupa yako mkononi, unapimiwa dukani kama mafuta ya taa. Ndiyo maana tulikuwa na chupa za soda, chupa za dawa ya kikohozi, na zile mbili nyeupe za mvinyo wa misa alizokupa Paroko, mkataniana hadi akaondoka anafuta machozi. Lebo uliziandika wewe kwa wino wa bluu kwenye vipande vya daftari, ukabandika kwa uji wa sembe. Mende wakawa wanakula pembe zake, nawe ukiwatukana kwa Kiswahili cha kwenu ambacho sisi tulikielewa nusu.

Vizibo hatukufungua. Hilo nililikumbuka, na nilijiona mwangalifu sana. Tuliosha nje tu, kwa maji ya moto na sabuni. Lebo zikalainika, zikatoka mkononi kama utando wa maziwa. Devota ndiye aliyesita. Alikuwa ameshika chupa kwa mikono miwili, akauliza, "Dada, na hizi karatasi?" Nikamwambia zitoke tu, tutaandika mpya zenye mwandiko mzuri, maabara hii naijua kwa macho. Kumbe nilichokuwa nakijua ni mahali pa chupa, si chupa.

Nilikwenda ofisini kuomba karatasi za lebo. Niliporudi wasichana walikuwa wamezirudisha zote rafuni, wamezipanga kwa urefu, ndefu nyuma fupi mbele, kama vikombe kabatini. Zilikuwa zinang'aa. Mmoja wao alikuwa ameweka maua ya njano katikati. Walinitazama wakingoja nifurahi. Nilitaka kusema rudisheni zilivyokuwa, ila na mimi sikujua zilivyokuwa. Nikasema asanteni, Mwalimu angependa.

Hapo ndipo nilipopaswa kukimbia kwa Mkuu wa shule na kumwambia. Sikwenda. Nilijiambia nitazitambua moja moja polepole, hakuna atakayejua. Nikaahirisha vipindi vya vitendo wiki nzima kwa kusema naumwa mgongo. Kisha Mkuu akasema mwalimu mpya wizara haijasema italeta lini, watoto wana mtihani mwaka huu, wasikae bure. Akaniambia, "Oliva, fanya nao yale mepesi mepesi." Nikachagua mrututu, kwa sababu mrututu ni bluu, hata kipofu wa lebo anauona. Na nani asiyeujua huku kwetu? Wazazi wa nusu ya wasichana wanaunyunyizia kahawa.

Kilichobaki kilikuwa maji. Ulikuwa hutaki maji ya bomba kwa sababu ya tope lake, unataka ya mvua uliyoyachuja mwenyewe, na uliyaweka kwenye mojawapo ya zile chupa za mvinyo. Nilichukua iliyokuwa mbele. Ilikuwa nzito, Mwalimu. Nilivyoinyanyua mkono uliniambia, hii si ya kawaida, na mimi nikauambia mkono umechoka. Sikuipima, sikudondosha hata tone moja pembeni. Nikaiweka mezani mbele ya Devota.

Yeye alikuwa ameyeyusha mrututu kwenye maji kidogo, akatakiwa aongeze. Akamimina. Bika ilichemka pale pale, ikalia, ikamrukia. Ile chupa ilikuwa ya asidi. Mpaka leo nasikia ile sauti nikiwa nachota maji, nikiwa naosha uso, hata padre akimimina divai kwenye kikombe. Mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko kwenda chini. Nilimvuta kwenye ndoo, nikammwagia jagi juu ya jagi, ndoo tatu, wenzake wakikimbilia bombani kuleta nyingine, na nilikuwa napiga kelele kwa Kimatengo, lugha ambayo ulitukataza humu ndani. Macho yalikuwa salama. Namshukuru Mungu kila ninapoamka kwamba macho yalikuwa salama.

Mkuu wa shule alifika na kanga mabegani akatazama rafu. Akauliza nani aliosha chupa hizi. Mimi nikajibu, "Nilikuta zimeoshwa."

Maneno mawili tu. Hata sikuyapanga, yalitoka yenyewe, na yalipotoka nikaona hayarudi. Kesho yake mstarini akawaita wale wasichana mbele. "Nani aliwatuma kuchezea vitu vya marehemu?" Akauliza tena. Nilikuwa nimesimama na walimu, naangalia viatu vyangu. Najua walinitazama, watatu wale, kwa sababu shingo yangu ilikuwa ya moto. Hawakusema. Unawajua hawa watoto, wamelelewa kwamba mkubwa hasutwi mbele za watu, na mimi nikajificha nyuma ya adabu yao. Wakapewa adhabu ya kulima shamba la mahindi wiki nzima ndani ya mvua hii. Kila asubuhi nilikuwa nayaona majembe matatu yakipita hapa dirishani.

Kisha akaja baba yake Devota kutoka kijijini kwao, Ruanda ya huku huku Mbinga. Nilipoambiwa ananitafuta nilijifungia stoo. Nikasema leo ndiyo leo, atanipiga, na akinipiga nitapumua. Mzee yule alivua kofia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ndogo, akasema, "Binti yangu, nimeambiwa wewe ndiye ulimmwagia mwanangu maji. Bila wewe tungekuwa na kilema." Akanipa kuku. Mwalimu, nilimpokea. Nilipokea kuku kwa mikono miwili nikapiga goti. Hadi leo yupo uani kwangu, nimeshindwa kumchinja, nimeshindwa kumgawa, na sasa ametaga, kila asubuhi ananitangazia.

Tangu hapo maabara ilifungwa. Nilikuwa naingia peke yangu, mchana, naogopa hata kivuli cha rafu. Nilianza kuzipima. Nilichemsha yale maua mekundu yaliyo nyuma ya bweni, kama ulivyotufundisha ulipoishiwa karatasi za kupimia, nikawa nadondosha tone la chupa hii, tone la chupa ile, natazama rangi inavyogeuka. Nilivaa koti lako. Kabla ya kila kizibo nilikuwa nafanya ishara ya msalaba, usinicheke. Kuna siku nilikaa saa nzima mbele ya chupa moja ya dawa ya kikohozi bila kuigusa, na ilipofunguka ilikuwa chumvi ya kawaida tu. Nililia hadi nikacheka. Zote sasa zina lebo mpya, kwa penseli, maana penseli haitoki kwa maji. Mbili zimenishinda. Hizo nimeandika SIJUI, nikazifungia kwenye sanduku.

Katika kazi hiyo nilikuwa nakukumbuka kwa mambo madogo. Nilikumbuka ulivyotubeba kwa lori hadi Mbamba Bay na jiko la mkaa, sufuria na kipimajoto, watu wakidhani tunakwenda kupika sherehe. Wengi wetu ndiyo mara ya kwanza kuliona ziwa, tulitaka kukimbilia maji, na wewe ukatukalisha kwenye mchanga kuchungulia sufuria. Huku juu Mbinga maji yalichemka digrii tisini na tano, kule chini tisini na nane na kitu. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakasogea kuuliza mnapika nini. Ukawaambia, "Tunapika maji, mama, tuone yanaiva lini." Mmoja akasema ndiyo maana alipoolewa mlimani maharage yalimmalizia kuni, akarudi kwao akisema ni uchawi wa mawifi. Ulimkumbatia yule mama. Ulisema huyu alilipima tatizo miaka yote bila kipimajoto, na ukamwandika jina kwenye daftari lako la somo. Nilikuwa kidato cha tatu. Siku ile ndipo nilipotaka kuwa wewe.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Fomu za mtihani zinakwenda Songea kesho kwa basi la kwanza, anazipeleka makamu mkuu. Kuna mahali pa kuandika kama wasichana wetu watafanya mtihani wa vitendo, maabara, kwa mikono yao, au ule wa karatasi uliowekwa kwa shule zisizo na maabara, ambapo msichana anaulizwa rangi ya kitu ambacho hajawahi kukiona. Unakumbuka ulivyogombana hadi wilayani ili shule yetu itoke kwenye huo wa karatasi. Ulikuwa unasema mtoto anayefanya kemia ya karatasi ni kama anayejifunza kuogelea kitandani. Mkuu wa shule hataki kuandika vitendo. Simlaumu, anaogopa, kila mtu hapa anaogopa. Aliniambia juzi, "Devota akikubali kurudi humo ndani, nitaandika vitendo. Aliyeungua asipotaka kukanyaga, sitawapeleka watoto wa watu wengine." Anatia sahihi leo saa kumi, baada ya chai.

Na Devota ameomba kuhamia sanaa. Devota wako, Mwalimu, yule uliyesema akipata chumba na moto atafika mbali kuliko sisi wote.

Nilimfuata jana. Alikuwa nyuma ya bweni anafua kwa mkono mmoja, ule mwingine bado una bandeji. Nilimkuta na hotuba nzima kichwani. Nikamwambia chupa zote nimezipima, nikamwambia nitasimama mbele yake, nitafungua mimi, nitamimina mimi, hatagusa kitu mpaka nimekigusa. Nikamwambia ni kawaida kuogopa asidi, hata mimi naiogopa.

Akaacha kufua. Alisema bila hasira, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa, alisema kama anayesoma matokeo ya jaribio. "Asidi siiogopi, dada. Asidi ukishaijua, unajua itafanya nini. Mimi nakuogopa wewe."

Kisha akaendelea kufua. Niliokota nguo yake moja iliyoanguka, nikaitundika kambani, nikaondoka.

Kwa hiyo ndiyo hali yenyewe. Nikinyamaza, fomu itakwenda na mtihani wa karatasi, na hakuna atakayejua. Wasichana wamemaliza adhabu yao, mahindi yameota vizuri. Devota atasoma Historia na atafaulu, maana ana akili. Mimi nitabaki na kazi yangu, na mama yangu kule Mpepai ataendelea kupata sabuni na dawa ya kifua, kwa sababu kahawa siku hizi kila mnunuzi ana bei yake na hakuna bei inayomfikia yeye. Chumba hiki kitafungwa, kitawekwa madawati mabovu. Polepole nitasahau.

Nikisema, sijui. Nitafukuzwa, hilo nina hakika nalo. Labda polisi. Yule mzee wa Ruanda atasikia kwamba alimpa kuku mtu aliyemuunguza mwanawe kisha akawasingizia watoto. Wasichana watageuza shingo nikipita. Padre naye atajua. Mama atajua, na mama ana kifua. Usiku wa kuamkia leo niliota wewe umesimama hapo mlangoni na hukuingia, ulikuwa unaangalia rafu tu. Sikuogopa mzuka, Mwalimu. Niliogopa kwamba ungeniuliza, na mimi ningekujibu yale maneno mawili.

Nimefikiri nimwombe Mkuu asubiri. Nimefikiri nimwandikie barua niiache chini ya mlango wake kisha nipande gari la kwenda Kitai nisirudi. Nimefikiri mengi tangu asubuhi, yote yana mlango wa nyuma.

Sitakuomba uniombee, mimi ndiye wa kukuombea wewe. Nakwenda kaburini kila nikifika mjini, sijui dua zenu, nasema Baba Yetu kwa sauti ya chini na natumaini inafika. Mungu akulaze pema. Pumzika na kelele zetu.

Ahadi yangu kwako ni hii. Leo nitamwambia Mkuu wa shule, na kesho nitasema mstarini kwa jina langu mbele ya wasichana wote, nikiwataja wale watatu na kuwaomba radhi, kisha nitapanda kwenda Ruanda kwa miguu kumwona yule mzee. Nilikuwa nimeandika "ili Devota arudi." Nimelikata, unaona pale juu nilivyolikata. Anaweza asirudi. Ana haki ya kutorudi, na mimi sina haki ya kumnunua kwa ukweli nilioanza kudaiwa siku ile ile. Nitasema hata kama fomu itakwenda na karatasi, hata kama hatanitazama tena.

Kengele ya saa kumi inagongwa. Kupitia dirishani namwona Mkuu anafungua ofisi, ana fomu kwapani.

Kwaheri, Mwalimu. Naogopa. Naenda hivyo hivyo.

Oliva